Ndege Wote Wanakwenda Kushoto

6 Februari. Mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke.

Mama,

Shikamoo. Mgongo unasemaje, na yale masikio? Mimi mzima, kazi tu ndiyo inayonila. Nakuandikia kwa sababu simu na wewe ni mateso: mimi napiga kelele mpaka wenzangu chumbani wanatoka nje, wewe unasema haloo, haloo, kisha salio linakwisha.

Kazi imebadilika. Zamani nilikuwa wa kufukuza. Nazunguka uwanja wa eropleni na bomba la fataki, nikiona kundi la ndege limetua karibu na barabara ya kurukia, nalipua, wanaondoka, eropleni inapita salama. Ulicheka sana niliposema nimevuka mipaka mitatu kuja kuamia ndege, kama nilivyoamia mpunga wako wasiule nikiwa na miaka saba, tena huku hata mpunga wenyewe hakuna. Sasa msimamizi amenitoa kwenye fataki, mimi ni wa kuhesabu. Ndege gani, wangapi, walitua wapi. Naandika kwenye daftari.

Kuhesabu kundi likiwa hewani ni wazimu. Ukifika kumi na nne wameshabadilishana nafasi. Basi nikanunua kamera kuukuu yenye lenzi ndefu kama mchi, kutoka kwa mfagiaji mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Napiga kwanza, kisha nakaa chini nahesabu kwenye kioo chake.

Hapo ndipo nilipoharibika, mama. Nilianza kwa ajili ya daftari, sasa hata siku ya mapumziko niko kwenye uzio nawasubiri. Sijui nimepatwa na nini. Katika picha mia, tisini na tano ni mbingu tupu au mkia. Lakini ile inayokubali! Mabawa yamefunguka, unaona unyoya mmoja mmoja, miguu imekunjwa vizuri kama nguo sandukuni. Nabaki nimeduwaa. Tena nimejifunza siri: mwewe akitaka kuruka, kwanza ananya. Ukiona hivyo, kidole kiwe tayari. Msimamizi anasema hiyo haiandikwi kwenye daftari.

Nimesafisha tatu studio, nakutumia. Mwewe mmoja na yangeyange wawili.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha kila asubuhi kwamba na wenyewe unaishi humu ndani. Masikio ndiyo hivyo. Mwandiko wangu usiucheke, darasa la watu wazima lilinifundisha herufi, uzuri wake hawakunifundisha.

Ndege wako nimewapokea. Nimewabandika ukutani juu ya kitanda. Huyo mwewe ananitazama kama mtu ninayemdai. Mimi maisha yangu yote nimewatupia ndege mawe, leo mwanangu ananitumia hao hao kwenye bahasha. Mambo yamegeuka.

Lakini nikuulize. Umepiga mwewe, umepiga yangeyange, wewe mwenyewe uko wapi? Mara ya mwisho kukuona ni ile picha ya kitambulisho, shingo imekakamaa kama umemeza ufagio. Fundi cherehani jirani anasema mwanamume anayeficha uso ama ameoa, ama amefungwa. Nikamwambia mwanangu hana akili ya kuoa kimyakimya wala ya kuiba. Alicheka, lakini mimi sikucheka sana.

Nitumie uso wako. Ndege ninao.

Mama yako


29 Machi. Mwaka mmoja na miezi minane tangu niondoke.

Mama,

Shikamoo, na pole na mgongo. Jikande maji moto wala usibebe ndoo kubwa. Mimi sijambo, ila nimechoka uchovu ambao hata kulala hauutoi.

Sijaoa, sijafungwa. Picha nilimwomba mwenzangu anipige, yule tunayemwita Kipenga kwa sababu ndiye wa kupuliza kipenga ndege wakizidi. Akanikata kichwa. Limebaki shati. Nitajaribu tena.

Nakutumia sita. Hao wadogo ni mbayuwayu. Usiwadharau, wamenitoa jasho wiki mbili. Mbayuwayu hampi mtu nafasi ya kufikiri. Inabidi uzungushe mwili mzima kuanzia kiunoni, miguu usiiondoe, ubonyeze kabla hajafika. Ukisubiri umwone vizuri, ameshakwenda.

Kuna jambo linanisumbua. Mkataba unaisha mwisho wa Septemba. Msimamizi amenipa karatasi ya kuongeza miaka miwili, anasema, "Baki, bwana, wewe na ndege mmeshaelewana." Nimeiweka chini ya godoro. Kuna siku nataka kurudi nyumbani hata kwa miguu. Kuna siku namwona mwewe ameshika upepo, nasema nibaki tu. Sasa mimi nataka nini? Kichwa changu kimekuwa kama soko siku ya gulio, kila mtu anasema bei yake.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Kwanza hiyo hadithi ya kichwa. Mtu ameweza kumnasa mbayuwayu hewani, halafu rafiki yake, kwa kamera ileile, ameshindwa kumnasa mtu mzima aliyesimama? Mdanganye fundi cherehani.

Pili. Jumapili niliwabandua ndege wako ukutani, maana chokaa inamwagika, nikawapanga mkekani wote tisa. Nikawatazama kama ninavyotazama shamba. Mwanangu, wote wanakwenda upande mmoja. Midomo yote inaelekea kushoto. Wote wametoka kulia.

Nilidhani ni upepo. Najua ndege huondoka akiukabili upepo, na mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini umesema mbayuwayu walikuchukua wiki mbili, na upepo gani unavuma upande mmoja wiki mbili? Nikasema labda umesimama mahali pabaya. Lakini hao watatu wa kwanza nyuma yao kuna uzio, mbayuwayu nyuma yao kuna paa. Mahali ni pawili.

Mimi nimeamia mpunga miaka arobaini. Mwamiaji anayeona ndege wa upande mmoja tu, wa upande wa pili hula mpaka wakashiba. Tulikuwa na jirani wa hivyo, tukadhani mvivu, kumbe alikuwa na mtoto wa jicho.

Nakuuliza polepole, nawe unijibu polepole. Jicho lako la kushoto lina nini?

Mama yako


17 Juni

Mwanangu,

Sijui kama barua yangu ya Aprili imekufika. Kama haikufika, hii ikufike. Kama ilifika, basi nimeshajibiwa.

Watu wananiuliza habari zako, nawaambia mzima. Nikimaliza kusema hivyo najiuliza nimesema uongo au kweli. Juzi nilikwenda dukani nikasahau nimefuata nini, nikanunua kiberiti, na viberiti ninavyo vinne.

Sikuulizi tena la jicho. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako


3 Agosti. Miaka miwili na mwezi mmoja tangu niondoke.

Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Barua zako mbili zilifika. Ya kwanza nimeikalia miezi mitatu, kukalia hasa, ilikuwa chini ya godoro pamoja na ile karatasi ya mkataba.

Jicho la kushoto halipo.

Ilikuwa Julai mwaka jana. Fataki ilikataa kutoka, nikainamisha bomba nichungulie kwa nini. Wewe ungenipiga kofi kabla sijainama. Ikatoka. Kipenga ndiye aliyenibeba. Hospitali walijaribu siku nne, ya tano wakasema ni bora litolewe lisiliharibu la pili. Nikasema toeni. Nilikuwa sina hata wa kumuuliza. Kipenga alikuwa ananilisha uji na kunitukana ili nisilie: "Meza, wewe mzee wa jicho moja, nina zamu saa nane."

Ndiyo maana nilitolewa kwenye fataki. Sikudanganya kwamba kazi imebadilika, nilinyamaza tu kwa nini. Najua ni yaleyale.

Miezi ile nilikuwa namimina chai pembeni ya kikombe. Nikisalimiwa mkono nashika hewa. Siku ile mfagiaji ananionyesha kamera, nikachungulia kwenye kile kitundu, nikaona mambo ya ajabu: kamera haitaki macho mawili. Wenye mawili hufumba moja. Kwa mara ya kwanza nikawa sawa na kila mtu. Sasa mama, mimi napenda ndege, au napenda kujificha nyuma ya hicho kitundu? Nimepoteza jicho nikapata kitu kinachonifanya niamke. Nilie au nishukuru? Namuuliza Kipenga, anasema nimuulize mtu aliyesoma.

Uliposema kuhusu kushoto, nilizitoa picha zangu zote nikazipanga sakafuni. Mia mbili na kumi na moja. Wote kushoto! Isipokuwa mmoja, na huyo alipigwa na Kipenga aliponipokonya kamera. Sikuwa najua. Ningejua, ningekuficha na hilo.

Mkataba sijauwekea sahihi. Nikibaki, huku watu wengi wamenikuta hivi, wananitazama kama mtu tu. Nikija huko, kila atakayenisalimia atalitafuta lile la pili. Na wewe wa kwanza. Hilo ndilo ninaloliogopa, si safari. Niambie nifanye nini, mimi nimeshindwa.

Mwanao


25 Agosti

Mwanangu,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nililia. Ya pili nilikasirika nikaiweka kabatini. Ya tatu ni leo, na hasira bado ipo, kwa hiyo vumilia.

Nilikuzaa na macho mawili, niliyahesabu mwenyewe kabla sijahesabu vidole. Moja limeondoka, mwaka mzima hujaniambia. Una haki gani? Lile jicho lilikuwa lako peke yako? Mwaka mzima nimekuwa nikiyaombea macho mawili. Nilikuwa namwombea nani?

Halafu umeuguzwa na mtu nisiyemjua, amekulisha uji, na mimi mama yako nipo hapa nafuma mkeka. Mwambie huyo Kipenga nimemshukuru. Mwambie matusi yake nimeyapokea kwa mikono miwili.

Unaniuliza ulie au ushukuru. Sijui mwanangu. Mimi nilipomzika baba yako nililia, na usiku wa kwanza nikalala katikati ya kitanda, nikafurahi jinsi kilivyo kipana, halafu nikalia kwa sababu ya ile furaha. Mpaka leo sijaelewa. Kuna mambo hayapangiki. Yaache yakae pamoja.

Lakini la pili najua jibu lake. Unaogopa nitalitafuta. Ndiyo, nitalitafuta. Nitakutazama siku ya kwanza mpaka unione kero. Siku ya pili pia. Ya tatu nitakutuma maji kisimani kama zamani, na ukimwaga nitakugombeza. Huko watu wanakutazama kama mtu tu kwa sababu hawakujui. Unalitaka hilo kwa miaka miwili mingine?

Mpunga unachanua. Ukija, wewe utaamia upande wa kulia, mimi nitakaa kushoto kwako. Macho matatu yanatosha shamba lile.

Ukitaka kubaki, baki kwa sababu ya mwewe. Usibaki kwa sababu yangu.

Mama yako


21 Septemba. Miaka miwili, miezi miwili na wiki mbili tangu niondoke.

Mama,

Shikamoo. Natumai hasira imepungua, na kama haijapungua, uitunze kidogo, nataka kuiona.

Jana nimemrudishia msimamizi karatasi yake haina sahihi. Akaniuliza, "Umepata kazi bora?" Nikasema hapana. "Unaumwa?" Hapana. "Sasa nini?" Nikamwambia mama yangu ameniita. Akanitazama, akasema, "Hilo siwezi kushindana nalo," akaniuliza daftari liko wapi.

Kipenga amezisoma salamu zako, akatoka nje akajifanya anapiga chafya. Baadaye akasema, "Mama yako anashukuru matusi? Basi sikutukana vya kutosha." Nitamkosa yule bwana. Wakati huohuo namwona ananiudhi, ananikunjia nguo vibaya, nazikunjua, anakunja tena.

Usidhani nimetulia. Asubuhi nafungasha, jioni nafungua. Leo nilikwenda kwenye uzio kuwaaga ndege, kama vile wananijua. Hawakunijua. Yangeyange walikuwa wanamfuata mkata majani, mdudu baada ya mdudu, hakuna aliyeinua kichwa. Sikupiga hata picha moja. Sijui kwa nini ilinifurahisha.

Nimenunua miwani myeusi. Basini nitaivaa, watu ni wengi na safari ni ndefu. Mlangoni kwako nitaivua kabla sijabisha hodi. Usiseme pole haraka. Uniangalie kwanza, kwa muda utakaotaka, na mimi sitageuza uso. Fundi cherehani umwambie kabla. Au usimwambie. Sijui, amua wewe.

Basi linaondoka hapa Jumatatu, tarehe 6 Oktoba. Mipaka yote ikipitika vizuri, nitakuwa mlangoni Alhamisi, tarehe 9 Oktoba, mchana.

Mwanao