Usiinunue Kadi ya Sauti

Mgogoni, Konde
Pemba
Jumamosi, baada ya Adhuhuri

Kwa kaka yangu mpenzi Silima,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka yangu. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi yangu Asya na watoto, na kile kiuno chako kinachokusumbua kwenye cherehani nacho kimetulia. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Ila moyo wangu ndio haujatulia, na ndio ulionikalisha kitako nikatafuta kalamu. Usishituke, hakuna aliyekufa.

Najua utastaajabu kuona barua, zama hizi ambazo hata bibi kizee anatuma sauti kwenye simu. Lakini simu yangu anayenifungulia ni mwanangu Mardhiya. Yeye ndiye anayenisomea meseji, na nikitaka kusema yeye ndiye anayenibonyezea. Haya ninayotaka kukwambia yanamhusu yeye, na sitaki yapite mikononi mwake kabla ya kufika kwako. Jirani yetu Bakar anapanda boti kesho kuja huko Dar, nikasema basi hii ndiyo bahati yangu. Mwandiko wangu unaujua, skuli niliishia darasa la nne. Herufi zikenda upande, we inamisha kichwa usome.

Kaka, ile kadi ya sauti ya kompyuta uliyomuahidi mpwa wako, usiinunue. Nakuomba kwa jina la Mungu. Kama umeshainunua, irejeshe dukani hata kwa ugomvi. Najua wewe ukishaahidi umeahidi, na Mardhiya ukimwambia hapana unahisi umemkata kidole. Lakini nisome mpaka mwisho ndio uamue.

Jambo hili nimelifuatilia mwenyewe kwa miguu yangu. Wewe umelisikia kwenye simu tu, mtoto kakwambia kompyuta yake haitoi sauti vizuri, ukasema Kariakoo kila kitu kipo. Mimi ndiye ninayeishi naye. Hilo gemu lao, yeye na wenziwe, wanacheza mtandaoni wanne kwa wanne, kila mtu yuko kwao, wanatafutana ndani ya mji wa magofu. Anayemsikia mwenziwe mwanzo ndiye anayebaki. Zamani nilikuwa sielewi kitu. Namuona mtoto kavaa hedifoni chini ya mtandio, anapiga kelele peke yake, huyo, huyo, yuko juu ya bati! Siku moja nikatoka mbio na mchi nikidhani ni komba. Timu nzima ilinicheka huko waliko, kumbe wananisikia.

Lakini tangu mwezi wa Mfunguo Tano kicheko kimeondoka. Kiongozi wao ni kijana wa Wete, Suhail, mtoto mwenye adabu ila ulimi wake una pilipili. Mardhiya akawa ndiye anayeuliwa mwanzo, leo yeye, kesho yeye. Suhail anamwambia, mtu kakujia nyuma na mabuti ya askari, hukumsikia? Mwengine anadakia, ah, mwacheni, anakaanga samaki. Mwanangu anajibu ni mashine, sauti yake mbovu. Mwezi ujao wana mashindano, na Suhail keshamwambia, ama sauti itengenezwe ama nafasi yake apewe mtu mwengine. Nimemuona akilia, kaka. Mtu wa miaka kumi na tisa, mfanyakazi wa watu, anachapa na kutoa kopi pale Konde kutwa nzima hajachoka. Hakulia namna ile hata matokeo ya skuli yalipomwendea vibaya. Siku hiyohiyo ndipo alipokupigia wewe.

Na mimi kesho yake nikapanda gari nikenda Konde, sikumwambia. Nilimwendea Juzer, yule Bohora mwenye duka la redio na chaji, ambaye marehemu mume wangu Jabir alikuwa akinunua betri kwake. Nikamuuliza, Juzerbhai, kadi ya sauti inamfaa mtu wa gemu au haimfai? Akacheka mpaka miwani ikamteremka. Akasema Bi Mize naye kaingia kwenye gemu, basi kiyama hakiko mbali. Mkewe, Bi Ruqaiyabai, akamgombeza, akaniletea kiti.

Kisha akanieleza, na mimi nakueleza kama nilivyofahamu. Alisema zamani sauti iliyokuwa ndani ya kompyuta ilikuwa inachachatika kama mafuta ya vitumbua, kwa hivyo mtu akichomeka kadi anaona tafauti kubwa. Siku hizi kompyuta inakuja na sauti yake humo humo kwenye bodi, na ni nzuri, kwa mchezaji inamtosha. Kadi inamfaa mtu anayesikia mlio wa nyuki ndani ya hedifoni usioondoka, au anayerikodi kasida, au mwenye hedifoni nzito za bei ambazo bodi haiwezi kuzisukuma. Mtu wa gemu mwanzo abadilishe hedifoni. Pili atazame pale sauti inapopangwa ndani ya kompyuta, kama imepangwa sawa. Akishayafanya hayo na bado nyuki wanalia, basi achukue kidude kidogo cha nje cha kuchomeka, urefu wake kama kidole, kisha alale usingizi. Ile kadi kubwa ya kufungua kompyuta na kuipachika ndani, alisema kwa mtoto wako ni kumvisha kuku kilemba. Akasema tena, Bi Mize, mimi muuza duka nakwambia usinunue, ujue leo nna homa.

Nikacheka. Kisha akaniuliza, huyo mtoto analalamika nini khasa, sauti ndogo au sauti chafu? Nikamwambia hapana, yeye anasema watu wanamjia hawasikii. Akauliza, wanamjia upande gani? Nikasema kila nnapomsikia akilalamika ni kulia. Kila mara kulia? Kila mara. Juzer akachukua kitambaa akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. Mimi nikasema labda ni hedifoni. Akasema labda. Akaniazima hedifoni mpya na kile kidude cha nje, akanambia chukua, wajaribu siku mbili, ukiona tafauti njoo tuzungumze.

Nikampa Mardhiya, nikamwambia ni vya kuazima kwa Juzer, na alivyosema kuhusu kadi. Alifurahi, kaka, akanibusu mkono. Akachomeka hiki akachomoa kile, akacheza. Akauliwa. Akabadilisha, akauliwa. Nikaona bora nikae karibu. Katikati ya kucheza akanigeukia akasema Mama hebu vaa wewe, nambie kama unasikia vyema, maana mimi nimeshachanganyikiwa. Mimi? Nikavaa. Akaweka mtu wake kasimama tu ndani ya gofu, hatembei. Mwanzo nikasikia upepo. Kisha nikasikia nyayo, taratibu, mtu anakanyaga changarawe. Wallahi zilikuwa nyuma yangu, upande wa kulia, karibu na mlango wetu wa uani. Nikageuka nikasema, nani huyo, karibu! Hakuna mtu. Mtoto akacheka, na mimi nikacheka mpaka machozi.

Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, Mama umesikia wapi? Nikamuonesha, hapa, kulia. Akavua hedifoni kichwani kwangu akavaa yeye, akasikiliza sana, kafumba macho. Akazigeuza, ya kulia akaiweka kushoto. Akasikiliza tena. Kisha akazivua akaziweka juu ya meza polepole. Akasema basi, kumbe kompyuta haina ubaya, mimi ndiye mjinga. Akainuka akenda kutawadha.

Mimi nikabaki pale na waya mikononi. Hii leo ni siku ya nne na bado sijasema kitu. Yeye keshasahau maneno ya Juzer niliyomwambia, anakusubiri wewe. Anasema Mjomba akileta kadi kubwa, ile yenyewe, mambo yatakaa sawa. Sasa unaona kwa nini nakukataza? Utaileta, ataipachika, hatasikia, na safari hii atajilaumu nafsi yake maisha. Na mimi nitakuwa nimejificha nyuma ya hilo boksi lako.

Kaka, nasema sasa. Unakumbuka ule mwaka wa karafuu nyingi, Mardhiya alipokuwa na miaka mitano? Sikio lake la kulia lilitoka usaha. Wewe ulikuwa ukija kututazama wakati ule, ukamuona amelishika, ukanambia Mize mpeleke mtoto hospitali, usilifanyie mchezo sikio. Nilipokuja kukuona nyuma ya hapo nikakwambia nimempeleka, daktari kasema litapona lenyewe.

Sikumpeleka. Nilikudanganya. Majamvi yalikuwa yamejaa karafuu uani, mawingu yanatishia kila siku, na Jabir yuko shamba kutoka alfajiri. Nikiondoka zikirowa zinakuwa mpeta, karafuu mbovu isiyo na bei, jasho la mwaka mzima limekwisha. Nikasema leo zikauke, kesho ntakwenda. Na kulikuwa na chupa ya mafuta ya makonyo ya karafuu ndani. Wewe unajua tangu utoto wetu jino likiuma tunatiwa mafuta hayo na maumivu yanakufa pale pale. Nikafikiri linalofaa jino litafaa sikio. Sikutia kwa pamba, kaka. Nilimlaza nikajaza kifuniko, nikamimina. Mtoto alipiga ukelele, ndege waliruka juu ya mti. Alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akalala, na alipoamka usaha haukutoka tena, nikashukuru. Nikajiona tabibu.

Nilianza kujua akiwa darasa la pili. Namwita nikiwa kulia kwake, hageuki. Namwita tena, anageukia kushoto, ananitafuta. Nilijua, nikajifanya sijui. Nikitaka kumwita, nazunguka kwanza kushoto kwake ndipo namwita. Miaka kumi na moja nazunguka. Kama ni usaha ulioliua sikio au ni mafuta yangu, mimi sijui, hilo atasema daktari. Lakini nilichofanya nakijua, na kukudanganya nilikudanganya.

Sasa nimekata shauri, na nakuandikia ili nisipate pa kurudi. Jumatatu nampeleka hospitali akapimwe masikio yote mawili. Wakisema twende Unguja, tutakwenda. Wakisema halitasikia tena, tutajua halitasikia. Na leo hii, nikishasali Alasiri, namwambia yeye mwenyewe kwa mdomo wangu. Barua siifungi mpaka nishamwambia. Kama sikuandika chini ya hapa, ujue mdogo wako kashindwa.

*

Nimemwambia. Imebaki kidogo Magharibi iingie.

Nilimkuta anachambua mchele barazani, nikakaa nikasema yote, jamvi, mawingu, chupa, kifuniko. Nilisema huku natazama sinia. Hakunikata hata neno moja. Nilipomaliza akaendelea kuchambua. Nikasikia chuya zinadondoka moja moja. Kisha akasema kwamba sikio hilo alijua halisikii tangu mdogo, yeye alidhani kaumbwa nalo. Skuli alikuwa anachagua kukaa mwisho wa kulia wa dawati ili wenziwe wote wawe upande anaosikia. Hakunambia kwa sababu alikuwa haoni kwa nini anipe mashaka, na mimi kwa mashaka sijambo. Kadi alikuwa anaitaka kwa sababu alisoma mahali kwamba kadi nzuri inaleta sauti pande zote, akatumai labda na upande wake ule itafika. Alijua ni tamaa tu, amesema, na hata nilipogeuka nikakaribisha mgeni asiyekuwepo haikumkatika yote.

Nikamuomba radhi. Kaka, nimezoea watoto kuwaomba radhi wazee, sikujua mdomo unakuwa mzito hivi. Akainuka akaingia ndani, nikasikia anakosha vyombo ambavyo nilishavikosha. Nikasema haya, ndiyo malipo yangu, na akichukia ana haki.

Kisha akatoka, mikono ina maji. Akasimama mbele yangu. Akanambia, Mama, ulikaa upande mbaya. Nilikuwa kulia kwake, kaka, kwa woga wangu hata sikuzunguka. Mengi ameyashika kwa kutazama midomo yangu na kubahatisha. Akanambia nihamie kushoto na nianze upya tangu mwanzo, polepole, na nisiruke kitu, maana anataka ayasikie yote sawasawa ndipo ajue kama anaweza kunisamehe. Nikahama nikaanza upya. Mara hii nilimtazama usoni.

Hajanambia kama kanisamehe. Ameniuliza saa ngapi gari ya Jumatatu inatoka.

Mardhiya amesema habari ya sikio atamwambia Suhail yeye mwenyewe, na hataki umwombee. Basi kadi usinunue. Kama moyo unakuuma kuja mikono mitupu, njoo wewe mwenyewe ukae na mpwa wako siku mbili tatu, na mimi unigombeze uso kwa uso kwa ule uongo, nimejiweka tayari.

Wasalimie wifi Asya na watoto wote, mdogo kwa mkubwa. Bakar nimempa na pakacha la shokishoki, mkague, njia ndefu na yeye mlafi. Mungu akuhifadhi na akupe siha ya kiuno. Nisamehe kwa kila nilipokukosea, na pale nilipokukosea zaidi umeshapasoma.

Wassalaam.

Mdogo wako,
Mize