Neno la Daktari na Kandambili za Mama

Jumanne, jioni. Mvua imening'inia juu ya ziwa tangu mchana na haitaki kunyesha. Nami nimeshinda hivyo hivyo.

Leo daktari amelitazama faili la mama, akatamka neno moja la Kiingereza: stable. Kisha akahamia kitanda kinachofuata.

Nafundisha Kiingereza chuoni Butimba, na neno hilo nimelieleza darasani mara nyingi. Asili yake ni Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kusimama. Husemwa kuhusu meza isiyoyumba, bei isiyopanda wala kushuka, ndoa isiyo na misukosuko. Kwa mgonjwa, halisemi kwamba amepona wala kwamba atapona. Linasema tu kwamba tangu jana hajabadilika. Mama alipata kiharusi Ijumaa, na tangu hapo hajasimama.

Ufafanuzi huo hauna kosa. Haunisaidii kitu.

Baba yuko Misungwi, anasubiri simu yangu. Nataka aje kesho amwone mama akiwa hai, maana keshokutwa sina hakika nayo. Lakini katika ukoo wetu msiba hautangazwi kwa simu. Mtu huambiwa, "Hali si nzuri sana, njoo," naye huelewa kwamba turubai limeshafungwa uani. Nikisema mama anaendelea vizuri, baba atabaki na ng'ombe wake. Nikimwambia aje, atalia njia nzima, na presha yake naijua.

Nimepiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Daktari kasemaje?"

"Amesema hajabadilika. Ningependa uje kesho."

Akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mimi ni mtu mzima. Mwenzangu amekwenda?"

"Hapana, baba. Anapumua. Nikimshika mkono, ananibana kidole."

"Hata kwa mama yangu mliniambia anapumua."

Ni kweli, tulimwambia hivyo, na bibi alikuwa ameshafariki.

Nilitafuta neno. Sikulipata katika Kiingereza, Kiswahili wala Kisukuma. Nikajisikia nikisema: "Ukija, mletee kandambili zake. Sakafu ya huku ni ya baridi."

"Zile za bluu?"

"Hizo hizo."

"Moja imekatika mkanda. Ngoja niishone kwanza, asije akajikwaa." Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya mtu mwenye kazi ya kufanya.

Atafika asubuhi. Ndicho nilichokitaka.

Lakini nimekaa kando ya kitanda, naitazama miguu ya mama chini ya shuka, na moyo haunitulii. Daktari alichagua neno lisiloahidi chochote. Kule Misungwi, sasa hivi, mzee anashona mkanda wa kandambili.

Mimi nimeahidi nini?