Chuma Iliyokatika Pembeni ya Kovu

Kamina, mu kampi ya bantu ya reli

Mama yangu mupenzi,

Ninakushika mikono yote mbili kutoka huku mbali. Magulu yako inaendelea namna gani? Baba anapumua muzuri? Bwana katekista mwenye kukusomea hii barua, nakuomba umusomee Mama pole pole, na umukalishe chini kwanza.

Mama, Ngoy mwana wako iko mu hospitali. Ni muzima, hatakufa. Lakini mugulu mumoja haiko tena.

Unajua anatengeneza njia ya treni. Yee na benzake banapanda kigari kidogo chenye kukimbia juu ya reli. Chuma yenye kushika magurudumu yake ilipasuka kidogo, bakaipeleka ku atelie ya kutengeneza vyuma, kwa bwana yangu Banza, juu kazi yake ni kuunganisha chuma na moto. Nilipomupelekea chakula niliona pale aliiunganisha: kovu laini, muzuri kabisa. Ngoy, mwenye alikuja kuichukua, akamuchekea Banza, "Shemeji, sasa tutapanda bila woga."

Balitumika nayo kipwa chote, miezi yote bila mvua. Halafu, ku muteremuko wa njia ya Luena, chuma ikakatika mara moja. Kigari ikapinduka, ikamulalia Ngoy. Balipomufikisha ku hospitali, nilikimbia kule na unga mu mikono. Unyayo wake ulikuwa umegeuka nyuma. Docta akakata chini ya goti.

Banza alikuwa pale, nikamugeukia: "Weye njo ulimukata ndugu yangu!"

Kesho yake sefu, mukubwa wa atelie, ule Muzungu, akaleta vipande kwetu. Shiye bote tulitafuta kovu, tuone kama imefunguka. Mama, kovu ilikuwa nzima! Chuma ilikatika pembeni yake, upana wa kidole, pale haikugonjwa ata siku moja.

Sefu akatuonyesha pale ilikatika. Sehemu kubwa nyeusi, na mistari midogo kama ile maji ya Lualaba inaacha ku muchanga ikishuka. Kasehemu kadogo tu kalikuwa kanangaa.

"Hii ya kungaa njo ya jana," akasema. "Hii nyeusi ilipasuka kitambo, kidogo kidogo, kila gurudumu ikizunguka."

Banza akauliza, "Ilianza na nini?"

"Na moto. Chuma ikipoa mbio, pembeni ya kovu inabaki inajivuta yenyewe ndani, ata kama hakuna muntu anaivuta. Macho haioni. Kazi ikija juu yake kila siku, pale njo inafunguka. Ilifaa tuirudishe mu moto, ipoe pole pole mu majivu." Akageuza kipande mu mikono, akasema, "Minyi nilitaka itoke siku ileile."

Akavaa kofia, akaenda kula. Banza akabaki anakaa chini, kipande ku magoti. Mama, ile maneno yangu nilitafuta kuirudisha, sikuweza.

Tangu pale Banza aliogopa kuingia mu hospitali. Nikamuelezea Ngoy yote. Akageukia ukuta. Siku ya Mungu, nyuma ya misa, akaniambia, "Chakula ya leo, Banza njo alete. Haiko weye."

Banza akaingia na bukari ya unga ya mahindi na samaki. Nikasimama inje, chini ya dirisha. Kisha nikasikia Ngoy: "Kula na weye, shemeji. Minyi siwezi kumaliza hii yote." Kijiko ikaanguka, na bote babili bakalia kama batoto.

Musalimie Baba, na mama mudogo aliyemulea Ngoy, na nyanya pale ngambo ya shamba. Mumusalimie pia bibi wa katekista.

Kuja, Mama. Panda treni ku Bukama, nitakungojea huku Kamina ku gare, pale treni inasimama. Utamukuta Banza ku mulango, na hatakuangalia mu macho. Usimuulize kitu. Umupe tu mukono.

Minyi mwana wako mwanamuke,
Marta