Maji ya Mgeni

Njoro,
12 Juni 2024.

Mpendwa kaka Jamleck,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mnaendeleaje huko Doha na hilo joto? Mama Wamuyu amepona mgongo? Sisi tuko, tunamshukuru Mungu, ingawa mimi tangu jana sikai wala silali. Barua hii nampa Mburu wa shangazi, anarudi huko kesho. Kwa simu siwezi, nitalia tu.

Binti yako Wamuyu ana maneno tele. Lakini tumbo, kaka, tumbo! Tangu mvua ya Mei ameharisha mara nne, mashavu yameisha. Mama yetu anayemlea anasema ni meno. Meno gani hayo, mtoto wa miaka mitatu? Mimi nashuku kile kisima alichochimba baba. Wiki hii nimemleta kwangu, lakini Jumapili mama anamtaka arudi kwake Bahati.

Basi nilimpa mama chupa safi ya hapa maabara ya chuo ninakofanya kazi, anitumie maji ya kisima. Tunayavuta kwa pampu yapite kwenye kichujio, karatasi nyeupe ya duara yenye mirabamraba, matundu yake madogo hata kijidudu hakipenyi. Kichujio tunakiweka kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, kinalala kwenye kabati la joto. Kesho yake, kama maji yana kijidudu cha choo, kimezaana mpaka kimekuwa doa la manjano, unaliona kwa macho.

Kichujio cha mama kilitoka cheupe pe. Nilipiga kelele hadi Khisa, mkubwa wangu, akaja mbio. Nikampigia mama nimsifu. Akacheka: "Kwani ningewapea watu wa chuo maji mabichi? Mgeni hapewi maji mabichi. Niliyachemsha, nikayapoza vizuri."

Ai, huyo mama! Nilitaka kulia, nikacheka. Jana nikaenda Bahati mwenyewe, nikayateka kwa mkono wangu. Alininunia. Eti namwaibisha baba kaburini.

Sasa ni saa nane, kisahani kinatoka saa kumi. Nimeosha chupa zilezile mara tatu. Khisa amenifukuza pale kwenye kabati, eti nikilifungua-fungua joto litatoroka. Natamani yawe meno, haki.

Saa kumi na robo. Madoa, Jamleck. Nilihesabu hadi themanini, macho yakajaa machozi, nikaacha. Nimeviweka vichujio vyote viwili mezani. Kisima ni kilekile, tofauti ni moto wa mama.

Nikimwambia mimi, ataona natukana kazi ya baba. Wewe ndiye kifungua mimba, wewe anakusikiza. Mpigie kabla ya Jumapili. Usitaje baba, usitaje kisima. Mwambie tu Wamuyu ni mgeni.

Msalimie Mama Wamuyu, na Mburu akupe njugu nilizomfungia. Mungu awafunike mpaka tuonane.

Dada yako akupendaye,
Sue