Kiti cha Ukoo wa Galbraith

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa saba

Ndagala, dagaa wa ziwa letu, nimezianika juu ya bati. Kuku wamekula nyingi. Nimewatupia ndala, nikakosa.

Dezire amekuja jioni, amekaa kama mtu mwenye jino bovu. Anataka kumuoa Anita, mjukuu wangu. Mi namtaka. Kijana mzuri, anakula chakula changu bila kubembelezwa. Lakini shangazi yake wa Mutanga Nord ameanza maneno. Siku ya kuposa anataka kuona mzee wa ukoo wa Anita kwenye kiti, apokee pombe, aseme binti ni wa nani. Kasema: "Galbraith ni jina tu. Ukoo uko wapi? Hatupose jina."

Nimekasirika mpaka chai imenimwagikia.

Hapa Burundi kila mtoto na jina lake, hata ndugu wa tumbo moja. Sisi wote Galbraith, kama ng'ombe waliopigwa chapa. Babu ya marehemu mume wangu alikuwa Mskoti, fundi wa injini za meli pale Kalemie. Aliacha mtoto, jina na spana moja. Akaenda zake. Mume wangu amekufa. Mwanangu, baba yake Anita, amekufa. Mwanaume wa kukaa kwenye kiti hayupo. Nimebaki mi na spana. Inazuia mlango.

Jumatano, tarehe 9

Nimeamua. Jina lina kwao. Waskoti nao wana koo, Anita ameona kwenye simu. Kuna chama cha Galbraith hukohuko. Nimemwambia awaandikie: kuna binti yenu Bujumbura anaposwa, tumeni mzee.

"Bibi, wale hawatujue hata kidogo."

Kutujua ni kitu gani? Kwetu Uvira mtu wa ukoo akisikia binti anaposwa, anakuja. Hajawahi kukuona, anakuja. Anakula, anagombana na watu, anarudi kwake. Ndiyo kazi yake.

Ameandika. Nimesimama nyuma yake mpaka amebonyeza.

Jumamosi, tarehe 12

Kimya. Maharagwe yameungua.

Shangazi ametuma neno. Watakuja tarehe 26. Kama hakuna mzee, wanageuza gari. Na nasikia ameshamtafutia Dezire binti mwingine, mwenye umuryango, yaani ukoo, unaojulikana. Mwanamke yule ana moyo wa mwiko.

Anita hali. Namwambia kula, anasema ameshiba. Ameshiba nini? Mpishi ni mimi!

Jumanne, tarehe 15

Wamejibu. Wametuma picha ya kitambaa. Mistari inakatana, wanasema ndiyo nguo ya ukoo. Nimeomba mtu, wananiletea kitambaa! Kizuri, sikatai. Lakini kitambaa hakipokei pombe.

Pia wanataka karatasi. Babu alizaliwa wapi, alibatizwa wapi. Karatasi ziliungua na nyumba kule Uvira, wakati wa vita. Nani anakimbia na karatasi za babu ya mume? Nilikimbia na watoto na sufuria. Spana ilikuwa ndani ya sufuria.

Nimemwambia Anita aipige picha. Halafu aandike hivi, asipunguze: Mi ni bibi kizee. Karatasi sina. Mjukuu ninaye. Mzee wenu yuko wapi?

Alitaka kuweka salamu na tafadhali. Nikakataa. Baadaye nikakubali salamu.

Ijumaa, tarehe 18

Safari hii ni sauti kwenye simu. Mwanamke wa huko, anaitwa Morag, mzee kama mi, anakohoa kama mi. Dezire ametafsiri polepole.

Hana mzee wa kutuma. Hakatai. Hayupo. Ukoo hauna mkuu. Wa mwisho alikimbilia Ireland zamani sana, na kiti kiko wazi mpaka leo. Watu wake wakatawanyika, wakaenda kukaa chini ya koo za jirani. Mkuu wa jirani akawa ndiye anayewasimamia. Na jina lenyewe, kasema, walipewa na wengine, maana yake wageni, watu wa kutoka kwingine.

Nimelia kwa hasira. Natafuta ukoo, nakuta wakimbizi wenzangu. Hata Uskoti!

Anita yuko ndani, nasikia anavuta kamasi. Ni mimi niliyempa matumaini.

Jumapili, tarehe 20

Mahubiri sikuyasikia. Akili ilikuwa kwa wale watu wa Morag. Mkuu amekimbia, wanagonga mlango wa jirani. Nani alifungua?

Nikamkumbuka aliyetufungulia sisi. Mzee Nasoro, mwenye duka la vitenge. Tulifika hapa Kamenge tumelowa, akafungua geti, hakuuliza ukoo. Mpaka leo tunakaa uani kwake. Anita akiwa bado anatambaa, Nasoro alikuwa anamwita "binti yangu". Mtu yuko mbele ya pua yangu, na mi naandikia Ulaya! Mjinga mi.

Nimemfuata hata kitambaa cha kanisani sijavua. Amecheka mpaka machozi.

"We mama, mi ni Mwislamu. Pombe yao nitapokea na nini?"

"Na mikono. Utakunywa Fanta."

"Shangazi yule atanitafuna."

"Ndiyo maana nimekuchagua. We ni mifupa mitupu."

Jumamosi, tarehe 26

Miguu imevimba. Naandika kidogo.

Nasoro alikaa kwenye kiti, kanzu nyeupe, Fanta mkononi. Shangazi akamtazama juu mpaka chini. "Na huyu naye ni Galbraith?"

Nasoro hakusimama hata. "Galbraith wa zamani walibaki bila mkuu, jirani akawasimamia. Jirani ni mi. Mukitaka binti, mutasema na mi. Musipotaka, semeni haraka, Fanta yangu inapata joto."

Msemaji wao, mzee wa watu, alicheka wa kwanza. Wakaleta mtungi. Nasoro aliugusa, akaniita, akasema ninywe badala yake. Nikatia mrija, nikanywa vizuri kabisa.

Shangazi alikaa muda mrefu na mrija wake kavu. Halafu akauingiza kwenye mtungi, karibu na wangu. Alivuta.

Jumapili, tarehe 24 mwezi wa nane

Jana Anita ameolewa. Nyumba imekuwa kubwa.

Morag ameona picha za harusi. Ameuliza mzee wa ukoo ni yupi. Dezire amemwambia, huyo wa kanzu. Morag kasema anafaa.

Nimepika ugali wa watu wawili. Nimempelekea Nasoro uliobaki.

Spana nimempa Anita. Mlango nimeuwekea jiwe. Jiwe ni jepesi, upepo wa ziwa ukija unagongagonga. Nimeuacha ugonge.