Mguu wa Mama Mkwe kwenye Breki

Monika uko wapi?? Kaka Enock kanipigia sasa hivi ananong'ona. Yuko chini ya gari, njia ya Nyarugusu, na mama mkwe wake!

Jana kabadilisha bomba la breki mwenyewe, akaona kumsubiri fundi atoe upepo ulioingia kwenye bomba ni kupoteza muda. Leo kambeba mama mkwe kumpeleka kanisani. Kufika mteremkoni, pedeli inazama mpaka chini kama anakanyaga godoro. Gari kaja kulisimamisha kwenye kichuguu!

Sasa kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja analegeza nati chini, mwingine anakanyaga. Pale porini huyo mwingine ni nani? Mkwe! Mtu ambaye hata usoni hamtazami, eti amwambie "kanyaga, mama... shikilia, mama".

Mara mbili kakanyaga vizuri tu. Ya tatu kagoma. Kagoma, Monika!

"Ng'wanawane, mwanangu, sikanyagi mpaka uniambie ndoa ya kanisani na binti yangu ni lini."

Kaka ananiomba, "Dada Vumilia, nitajie Jumamosi yoyote."

Kabla sijajibu nikasikia sauti ya mama kutoka juu: "Huyo ni dada yako? Weka spika, awe shahidi."

Monika, kaweka spika.