Panya wa Leo Hakuwa wa Plastiki

“Ni wewe!” “Si mimi, Mama, ni paka!” “Umechoka na wa plastiki, sasa unaniletea walio hai!” Ukabamiza mlango ukaenda kazini kabla sijamaliza. Basi namalizia hapa.

Usifunue ndoo niliyoipindua bafuni. Panya yumo, mzima, na ana hasira kukushinda. Nimekwenda kwa jirani kuazima mtego. Dirisha la jikoni lifungwe, paka anapitisha mawindo yake hapo.

Nakiri, wa plastiki nilikuwekea kiatuni ~~mara mbili~~ mara sita. Lakini huyu kaletwa na paka. Nilikuambia usimguse, ukasema, “Leo hunipati,” ukamshika mkia unirushie. Akajikunja akakutazama! Mama, kumbe meza ile unaipanda kwa mruko mmoja. Nilicheka, nisamehe.

Kinachoniuma ni kwamba siku hizi hata nikisema kweli, unatafuta utani usoni mwangu. Ndiyo maana hili naliandika: nataka kurudi chuo, nimalizie ule mwaka uliobaki. Jumatatu ndiyo kujiandikisha, na naogopa kwenda peke yangu. Naomba unisindikize.

Kitinda mimba wako